Akisaidiwa na Dada Yake

Karatasi ile niliiandika mimi, kwa hiyo hasira hii lazima ianzie kwangu kabla haijamfikia mtu mwingine.

Mwishoni mwa Juni baba mkubwa Curro alinipigia simu. Umoja wa wakazi wa El Palo, mtaa wetu wa wavuvi hapa Málaga, kusini mwa Hispania, ulikuwa umeamua kumpa tuzo kwa miaka arobaini ya kuoka sardini kwenye mgahawa wa familia yetu ufukweni, na bamba la shaba lenye jina lake lingepigiliwa ubavuni mwa mtumbwi tunaookea samaki. "Wewe ndiye msomi wetu, profesa," alisema. "Niandikie maisha yangu, ukurasa mmoja tu, halafu uyasome mwenyewe siku hiyo. Usiweke maneno magumu, watu watakuwa na njaa." Akanisimulia kwa dakika ishirini, nami nikaandika kama alivyosimulia. Kuhusu shangazi Trini alisema, "Mtaje na yeye, maskini, asije akanuna." Nikamtaja. Nilimpa maneno manne: akisaidiwa na dada yake.

Wiki moja baadaye nilipita mgahawani. Shangazi Trini alikuwa amekaa kwenye kreti ya bia iliyogeuzwa, beseni la sardini miguuni, anazitunga kwenye vijiti vya mwanzi, sita kwa kila kijiti, akipitisha ncha chini kidogo ya uti wa mgongo ili samaki asikatike akianza kuiva. Hakuinua uso.

"Nasikia umeshaandika," akasema.

"Nimeandika, shangazi."

"Nimo?"

"Umo."

"Haya," akasema, na akaendelea kutunga. Alidhani simwoni, lakini nilimwona akitabasamu peke yake.

Nilikuwa najua ukweli. Mtaa mzima wa El Palo unaujua. Mtumbwi wetu hauendi baharini. Umekaa mchangani tangu enzi za babu, umejazwa mchanga hadi ukingoni, na juu ya mchanga huo ndipo moto wa kuni za mzeituni unapowashwa na vijiti vya samaki vinapochomekwa wima kando yake. Babu Gálvez alikuwa akisema moto ni wa wanaume. Curro alipofika miaka kumi na minne akawekwa pale, na Trini, mdogo wake kwa mwaka mmoja, akawekwa jikoni kuosha sahani. Curro aliuchukia moto tangu siku ya kwanza. Uliunguza nyusi zake, ukamnukisha moshi mbele ya wasichana. Ndipo akabuni hila: babu akilala usingizi wa mchana, anamvika Trini kofia yake na shati lake, anamsimamisha kwenye mtumbwi, yeye anakwenda kupiga soga na wateja. Trini alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliipenda kazi ile mara moja, kama mtu aliyepewa kitu chake kilichokuwa kimepotea.

Hila ilidumu kiangazi kizima. Siku moja babu akaonja sardini moja, akatafuna taratibu, akasema, "Leo Curro kazi yake imetulia." Akatoka nje kumpongeza mwanawe, akakuta kofia ya Curro kichwani mwa Trini. Hakumfukuza, maana sardini zilikuwa nzuri mno. Alitoa amri moja tu: mteja akitaka kupiga picha, Curro ndiye asimame penye moto, maana watu wanataka kumwona mwanamume.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka thelathini na minane. Shangazi Trini anawasha moto saa tano asubuhi na kuuzima jioni. Mkono wake wa kulia hauoti nywele kuanzia kiwiko hadi vidole. Mishipa ya miguu imemtoka kama mizizi kwa kusimama. Bibi alipofariki, ilikuwa Jumamosi ya Julai. Trini aliondoka makaburini kabla ya sala kwisha, akaja kuwasha moto, na Curro akabaki kupokea mikono ya rambirambi. Na kila mtu akitoa kamera, Curro huita kutoka kaunta, "Trini, pisha picha," naye hupiga hatua mbili kushoto, Curro hushika kijiti, hucheka. Picha hizo zimejaa ukuta mzima wa mgahawa. Nilizipitia siku moja nikitafuta kipande cha shangazi. Nilipata kiwiko kimoja.

Haya yote niliyajua, na bado nikaandika maneno manne.

Siku ya tuzo ilikuwa Jumamosi, siku chache baada ya sikukuu ya Bikira wa Karmeli, katikati ya Julai. Marafiki zangu wawili wa chuoni walikuwa wamekuja kunitembelea kutoka kaskazini: Garazi wa Vitoria, ambaye hajui kunyamaza, na Elías wa Soria, ambaye ngozi yake hugeuka nyekundu hata kwa taa ya dari. Tuzo ilikuwa saa nane mchana. Asubuhi yote ilikuwa yetu, na nilikuwa nimewaahidi kuwazungusha mjini.

Walikuja siku mbaya. Usiku ilikuwa imeingia terral, upepo unaotoka bara, unaoshuka milimani umekauka na kuchemka. Siku nyingine zote za kiangazi upepo wa Málaga hutoka baharini. Terral ikivuma kila kitu kinageuka: vivuli havisaidii, vitasa vya milango vinachoma, watu wanafunga madirisha badala ya kuyafungua, na wanagombana kwa jambo dogo.

"Huu si upepo," Garazi alisema tukitembea kuelekea sokoni. "Kuna mtu ameacha tanuri wazi huko juu. Mwambieni afunge."

"Natoka jasho hata kwenye kope," Elías akasema.

"Wewe nyamaza, umevaa soksi."

Kwenye mgahawa wa nje ya soko Elías akaagiza kahawa ya maziwa. Mhudumu akabaki amemtazama, anangoja. Ilinibidi nieleze kwamba hapa kahawa ina majina tisa, kutegemea maziwa yanafika wapi kwenye glasi, na asipochagua mhudumu hataondoka. Akachagua kwa kunyooshea kidole glasi ya mzee wa meza ya jirani. Mzee akaifunika kwa kiganja, kama anayeogopa kuibiwa.

Tulikuwa tumekaa vizuri kivulini, na mimi ndiye niliyeharibu. Nilitoa karatasi mkobani nijizoeze, kwa sababu kusoma mbele ya watu huninyima usingizi.

"Soma kwa sauti," Garazi akasema. "Sisi ndio hadhira."

Nikasoma. Curro Gálvez alizaliwa hatua ishirini kutoka baharini. Curro alijifunza moto akiwa mtoto. Curro anaujua upepo kama mwingine anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Kwa miaka arobaini, akisaidiwa na dada yake, amelisha El Palo na wageni wake. Nilipomaliza Elías alipiga makofi. Garazi hakupiga.

"Huyo dada ndiye yule shangazi yako?" akauliza. "Yule uliyetusimulia bwenini? Anayeoka?"

"Ndiye."

"Sasa Curro anafanya nini?"

"Anapokea wateja."

"Kwa hiyo umeandika uongo."

"Nimeandika alichoniambia."

"Mna majina tisa ya kahawa," Garazi alisema, "na mwanamke wa watu hana hata moja."

Nilikunja karatasi. Nilimwambia hajui familia za huku, kwamba shangazi mwenyewe hajalalamika, kwamba ni sherehe ndogo tu ya mtaa. Kila sababu niliyoitoa niliisikia ikitoka kwa sauti ya baba mkubwa Curro. Elías alikunywa kahawa yake bila kuinua macho.

Tulishuka pwani ya La Malagueta bila kuongea. Elías, kwa kutafuta cha kutupatanisha, alivua shati akakimbilia majini, na akatoka mbio kuliko alivyoingia, midomo imebadilika rangi. Terral husukuma maji ya juu yakaenda mbali, na yanayopanda kutoka chini ni ya barafu. Nilisahau kumwonya. Kwa kweli sikusahau. Nilikuwa nimekasirika, nikamwacha aende.

"Mji gani huu," alisema akitetemeka chini ya jua la nyuzi arobaini. "Hewa inachoma, maji yanagandisha, na ninyi wawili hamwongei."

Tukapanda basi kwenda El Palo.

Pale mgahawani meza zilikuwa zimeunganishwa chini ya turubai, watu kama sitini, wengi jamaa na majirani. Baba mkubwa Curro alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya ngozi, mchangani. Akanibusu mashavu yote mawili. "Hawa ndio marafiki? Karibuni, wanangu, karibuni. Huyu kijana mbona kama kamba aliyechemshwa? Mpeni maji."

Shangazi Trini alikuwa kwenye mtumbwi, amevaa aproni mpya. Aliinunua kwa ajili ya siku hiyo. Alama za mikunjo ya dukani zilikuwa bado zinaonekana. Alikuwa amevaa pia hereni. Sijawahi kumwona na hereni kazini, kwa sababu chuma hupata moto. Moto ulikuwa umeshakaa vizuri, na vijiti vyote vimetungwa, vimelala kwenye sinia chini ya kitambaa kibichi.

"Shangazi, hereni hazikuunguzi?" nikamwuliza.

"Zinaniunguza," akasema. "Ni siku moja. Umeileta karatasi?"

"Ninayo."

Alitazama mkoba wangu, kisha akatazama makaa.

Mwenyekiti wa umoja wa wakazi, bibi Maruja, alishika kipaza sauti. Alisema kabla ya maisha ya mshindi kusomwa, mshindi mwenyewe angechomeka vijiti vya kwanza vya siku, ili watu wapige picha. Simu zikainuka. Baba mkubwa Curro akakunja mikono ya shati na kwenda kwenye mtumbwi.

"Trini, pisha picha."

Shangazi alipiga hatua mbili kushoto. Hakufikiri, miguu yake ilikwenda yenyewe.

Curro alichukua vijiti vitatu, akavibusu kwa mzaha, watu wakacheka, akavichomeka upande wa bahari. Ndipo huwa anasimama kwenye picha zote, na siku nyingine zote ndio upande wenyewe, kwa sababu kijiti hukaa upande upepo unakotoka, moto uukimbie mgongo wa samaki na moshi uende zake. Lakini siku ile upepo ulitoka bara. Mtoto wa miaka kumi wa El Palo angeweza kumwambia. Moto uliinama mzima juu ya samaki, na moshi ukawafunika.

"Curro," shangazi alisema chini chini. "Upepo."

"Kazi yangu naijua, Trini."

"Ni terral. Zungusha."

"Mwache mtu apige picha," alisema, akiendelea kutabasamu kwa simu.

Nilitazama watu. Wavuvi wastaafu, wake zao, mwokaji wa mgahawa wa jirani aliyekuja na aproni yake. Wote walijua. Kila mmoja alipata ghafla kitu cha kutazama: baharini, kwenye glasi, kwenye kucha. Sardini za kwanza zikawa nyeusi, ngozi ikashika moto, mafuta yakaripuka. Moja ikakatika ikaangukia makaani, kisha nyingine, kisha kijiti kizima kikaungua katikati na kulala. Curro alicheka kwa nguvu, akafuta jasho, akasema kwenye kipaza sauti alichosogezewa na bibi Maruja, "Mnaona? Dada yangu leo kavitunga vibaya. Mkinipa tuzo, mpeni yeye miwani."

Watu walicheka. Hilo ndilo sijawasamehe. Walicheka kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu kulikuwa na joto kali, na kwa sababu walitaka kula. Shangazi Trini alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili kushoto, hereni zinamuunguza. Aliinama akaziokota sardini zilizoanguka moja moja kwa koleo, akazitupa kwenye ndoo ya taka, akasawazisha makaa. Akamsafishia.

"Wakati dada yetu anatayarisha vingine," bibi Maruja alisema, "tumsikilize binti wa familia."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka kipaza sauti kilipiga kelele na upepo uliitikisa karatasi hata herufi zikawa hazisomeki. Haikujalisha. Nilikuwa naijua kwa moyo.

Nikasoma: "Trinidad Gálvez alizaliwa hatua ishirini kutoka baharini."

Mtu mmoja alikohoa. Nikaendelea. Trinidad alijifunza moto akiwa mtoto, amevaa kofia ya kaka yake. Trinidad anaujua upepo kama mwingine anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Nilisoma ukurasa mzima hivyo, na sikubadilisha karibu chochote isipokuwa jina, maana maisha yale tangu mwanzo yalikuwa ya kwake. Nilipofika kwenye yale maneno manne nilisimama. Nikasema, "Kwa miaka thelathini na minane amelisha El Palo na wageni wake. Kaka yake alipigwa picha."

Garazi peke yake alipiga makofi, makali, mara tano au sita, kisha akaacha.

Baba mkubwa Curro alikichukua kipaza sauti mkononi mwangu kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Terral hii," akasema. "Msomi wetu imempanda kichwani. Mpeni na yeye maji." Wakacheka tena, safari hii kwa shukrani, kwa kuwa alikuwa amewatoa kwenye aibu. Bibi Maruja, ambaye alikuwa mwekundu hadi shingoni, alimkabidhi bamba la shaba. CURRO GÁLVEZ, herufi kubwa. Fundi alikuwa na misumari tayari. Akalipigilia kwenye mtumbwi pale pale. Picha zikapigwa. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa najua kwamba nimeshindwa na kwamba sitaalikwa Krismasi.

"Haya sasa," Curro aliita, akisugua viganja. "Watu wana njaa. Trini, sardini."

Shangazi Trini hakugusa sinia. Alifungua kamba za aproni mpya, akaikunja kwa alama zake za dukani, akaiweka juu ya ukingo wa mtumbwi, karibu na bamba. Akachukua nusu ya limau, akasugua vidole, akavisuuza kwenye ndoo ya maji.

"Aliyepewa tuzo ndiye anaoka," akasema.

"Acha utani, Trini."

"Sina utani. Mimi ni msaidizi tu, na leo nimevitunga vibaya. Sioni vizuri."

Alikuja mezani kwetu, akavuta kiti, akaketi. Miaka thelathini na minane, na nadhani hajawahi kukaa kwenye viti vile mchana. Alijaribu mgongo wa kiti kwa mkono kwanza, kama mgeni. Elías alisimama kwa heshima, akajigonga na nguzo ya turubai, akaketi tena.

"Wewe ndiye wa Soria?" shangazi akamwuliza. "Jipake siki mabegani ukifika nyumbani. Unanuka jua."

"Ndiyo, mama."

Kisha akanigeukia mimi. Nilidhani atanishukuru. Macho yake yalikuwa yamekauka na yana hasira, na hasira ile ilinilenga mimi.

"Nilikuuliza kama nimo," alisema. "Ukaniambia umo."

"Ulikuwemo, shangazi. Kwa maneno manne."

"Yapi?"

Nikamwambia. Aliyarudia polepole, bila sauti, midomo tu.

"Nilinunua aproni," akasema.

Garazi alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Huko kwenye mtumbwi baba mkubwa Curro alikuwa amezungukwa na moshi. Alikuwa amehamishia vijiti upande wa bara baada ya mwokaji wa jirani kumnong'oneza, lakini alivisogeza karibu mno, kisha mbali mno, na viatu vya ngozi vilikuwa vimejaa mchanga. Hakuna aliyekwenda kumsaidia, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Watu sitini walikaa kwenye upepo ule wa tanuri wakila mkate mtupu. Shati jeupe lilikuwa limepata rangi ya makaa. Mara mbili alitazama meza yetu. Shangazi alikuwa anatazama bahari, mikono imefungwa kifuani.

Baada ya nusu saa sahani ya kwanza ilitoka, na Curro, kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama, ilimlazimu kuileta kwetu mwenyewe. Aliiweka mbele ya dada yake. Sardini sita.

Shangazi Trini alichukua moja kwa vidole, akaigeuza, akainusa. Akang'ata kidogo pale mgongoni, akatafuna taratibu kama babu alivyokuwa akitafuna. Akairudisha sahanini, akaisukuma sahani yote kwa kidole kimoja mpaka ikamgusa kaka yake tumboni.

"Imeingia moshi," alisema. "Lete nyingine."